Alichumia juani, wengi wakala kivulini

Msomaji mpendwa, hebu nikuulize swali ambalo huenda likakuudhi kidogo siku hii ya mapumziko. Ukiambiwa umtaje baba mwema, utaanza na sifa gani? Nimewauliza watu wengi swali hili, wakiwemo wanafunzi, majirani zangu mtaani Umoja na hata abiria wenzangu katika matatu. Aghalabu jibu huwa moja: baba mwema ni yule anayeleta. Analeta unga, analipa karo, analipa kodi ya nyumba, na Krismasi ikifika hakosi kuwanunulia watoto nguo mpya.

Sina nia ya kulibeza jibu hilo. Katika jiji ambalo baba wengine hutoweka tarehe 30 na kurudi mfuko ukiwa mtupu, anayeleta anastahili heshima yake. Lakini mimi nilibahatika kuishi miaka mitatu katika ua wa mzee mmoja aliyeleta kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alilisha kijiji kizima akiwa zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwacho. Ni yeye aliyenifanya nione kuwa jibu hilo ni nusu tu. Nusu ya pili aliijua akiwa amekwisha kuota mvi, na aliilipia ghali.

Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa jamaa zake wangali hai na hawakuniomba niwatangaze gazetini. Mtaani waliliweka neno Don mbele ya jina lake, kama Wamexico wamfanyiavyo mtu mzima wanayemheshimu. Wajukuu wake walimwita Abuelo, yaani Babu. Nami nitamwita Babu.

Nilikutana naye mwaka wa 1993 mjini Fresno, katika jimbo la California nchini Marekani, nilipokwenda huko kusoma. Ukilisikia jina California pengine unawaza waigizaji wa Hollywood na ufuo wa bahari. Fresno si hivyo. Ni mji ulio katikati ya bonde tambarare la mashamba, mahali ambapo joto la kiangazi hupita nyuzi 38, na zao lililouvumisha ni zabibu. Zabibu kavu kama hizo unazotia katika pilau au keki huko zilitengenezwa kwa njia rahisi lakini yenye kuchosha. Mchumaji alikata vishada kwa kisu kidogo kilichopinda, akavianika juu ya karatasi zilizotandazwa ardhini baina ya safu za mizabibu, kisha jua likamaliza kazi. Alilipwa kwa hesabu ya karatasi alizojaza. Babu alikuwa ameifanya kazi hiyo kila Agosti na Septemba kwa miaka mingi kuliko umri wangu wa wakati huo.

Alizaliwa mwaka wa 1938 katika kijiji cha milimani, jimbo la Michoacán, magharibi mwa Mexico. Walikuwa watoto tisa na yeye alikuwa wa tatu. Shule aliisoma miaka mitatu tu, akatolewa ili amsaidie baba yake kulima mahindi katika kishamba cha mteremkoni ambacho mvua ikikosa hakina lolote. Ukitaka kuelewa kwa nini aliondoka, fikiria watoto tisa na gunia moja.

Mwaka wa 1957, akiwa na umri wa miaka 19, baba yake aliuza ng'ombe wa pekee ili kijana apate nauli. Siku hizo kulikuwa na mpango maalumu. Mwaka wa 1942, vijana wengi wa Marekani wakiwa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nchi hiyo ilitia saini makubaliano na Mexico ili ipate vibarua wa mashambani. Vita vilikwisha lakini mpango ukaendelea hadi mwisho wa mwaka wa 1964, na katika muda huo mikataba ya kazi ipatayo milioni 4.6 ilitiwa saini. Vibarua hao waliitwa braceros, jina lililotokana na neno la Kihispania lenye maana ya mkono. Litazame jina hilo kwa makini, msomaji. Kilichohitajika ni mikono. Mwenye mikono hakuulizwa habari zake.

Babu alisafiri kwa gari moshi hadi Empalme, mji wa kaskazini ambako vibarua waliandikishwa. Alilala nje majuma matatu akingoja jina lake liitwe, akila mara moja kwa siku. Alipoitwa, kitu cha kwanza walichokagua ni viganja vyake, waone kama vina sugu za jembe. Mikono laini ilirudishwa nyumbani. Walipovuka mpaka waliambiwa wavue nguo, wakapangwa mstari na kunyunyiziwa dawa ya wadudu aina ya DDT, kama sisi tuwapelekavyo ng'ombe wetu kwenye josho. Kisa hicho alinisimulia mara moja tu, huku akitazama kando, na hakukirudia tena. Nakuomba ukikumbuke, kwa sababu nina hakika kuwa ndicho kilichomfunza namna ya kumpa mtu kitu bila kumvua utu wake.

Kazi zake za kwanza zilikuwa kupalilia viazisukari na kupunguza miche ya saladi. Walipewa kijembe ambacho mpini wake ulikuwa mfupi kuliko mkono wa mtu, na wenyewe walikiita el cortito, kwa maana ya kifupi. Ili kukitumia ilimlazimu mtu ajikunje, kichwa kikaribie magoti, tangu asubuhi hadi jioni. Wasimamizi walikipenda kwa kuwa yeyote aliyenyoosha mgongo apumzike alionekana kutoka mbali. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila sidhani walimaanisha kuinama miaka 18. Kijembe hicho kilipigwa marufuku katika California mwaka wa 1975, wakati ambapo migongo ya watu wengi ilikuwa imekwisha kuharibika. Mgongo wa Babu ulikuwa mmoja wao. Nilipomjua hakuweza kuokota funguo zilizoanguka bila kushikilia kiti.

Kabla mpango wa vibarua haujafungwa, mwenye shamba mmoja aliyeipenda kazi yake alimwandikia barua, na mwaka wa 1963 akapata kibali cha kukaa Marekani daima. Hapo ndipo sifa yake ya ukarimu ilipoanza. Mshahara ukitoka, nusu ilikwenda posta siku hiyo hiyo. Wadogo zake wanne walisoma kwa fedha hizo. Mama yake alijengewa nyumba ya matofali, ya kwanza kijijini kuwa na paa lisilovuja. Jirani akifiwa, Babu alichangia sanduku. Binti ya fulani akiolewa, Babu alinunua ng'ombe wa karamu. Na kijana yeyote wa kijiji hicho aliyefika Fresno bila pa kulala alijua nyumba ya kugonga.

Nilizihesabu siku moja na bintiye mwalimu: kati ya mwaka wa 1972 na 1990, watu 23 walipata kulala katika gereji ya Babu, wengine kwa wiki, mmoja kwa miaka miwili. Hakuwahi kuwa na gari ndani ya gereji hiyo. Ilikuwa na vitanda vinne, jiko la gesi na ndoo ya maharagwe. Mwaka wa 1986 Marekani ilipotoa sheria iliyowawezesha wahamiaji wapatao milioni 2.7 kuhalalishiwa ukaaji wao, wapwa wake wanne walikuwa miongoni mwao.

Usidhani alikuwa tajiri. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu na choo kimoja. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na usidhani aliyafanya hayo peke yake. Mkewe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alifanya kazi katika kiwanda cha kupakia matunda, na ndiye aliyeshika kitabu cha hesabu za nyumba. Babu alisema ndiyo kwa kila mwombaji. Mkewe ndiye aliyetafuta ndiyo hiyo itatoka wapi. Wako wazee wengi wanaosifiwa kwa ukarimu ilhali mwenye kuubeba mzigo yuko jikoni.

Mimi niliingia katika hesabu hizo mwaka wa 1994. Nilikuwa nimepanga chumba kidogo nyuma ya nyumba yao kwa dola 150 kwa mwezi. Katikati ya muhula, mfadhili wangu alikatiza msaada bila kunipa notisi. Nilikwenda kwa Babu kumwambia nitahama mwisho wa mwezi. Alisikiliza, akamwita mjukuu wake atafsiri vizuri, kwani Kihispania changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Hakunihurumia wala hakutoa hotuba. Aliuliza nilichokuwa nikisomea. Nilipomwambia ni hesabu, alielekeza kidole sebuleni ambako wajukuu watano walikuwa wakipigania rimoti ya televisheni, akasema: "Hao hawajui hesabu. Kila jioni saa moja, wote watano. Kodi imelipwa."

Kwa miezi minane nililipa kodi kwa sehemu na asilimia. Zingatia alichokifanya, msomaji. Angeweza kunisamehe kodi, nami ningebaki kila asubuhi nikimkwepa kama mdeni. Badala yake alinipa nafasi mezani. Nilipokuwa nikipita uani sikuwa maskini aliyefadhiliwa, nilikuwa mwalimu. Hiyo ndiyo namna yake ya kutoa, na sijaona mtu mwingine aliyeimudu vizuri kama yeye.

Ilikuwa katika miezi hiyo ambapo Jumapili moja nilisonga ugali. Babu aliumega, akautafuna polepole, kisha akauliza kwa mshangao, "Kumbe nanyi mwala mahindi?" Nilimjibu kuwa kwetu mtu asipokula ugali husema hajala. Alicheka hadi akafuta machozi, akanikumbusha jambo ambalo wengi wetu hulisahau, kwamba mahindi kwao ndiko nyumbani. Naam, wataalamu wanasema yalianza kukuzwa Mexico yapata miaka 9,000 iliyopita, na Afrika iliyapata baada ya Wazungu kuanza kuvuka Bahari ya Atlantiki. Maharagwe ya aina tunayotia katika githeri nayo asili yake ni bara hilo hilo. Tofauti ni kuwa wao huchemsha mahindi na chokaa kabla ya kuyasaga, kisha hutengeneza chapati nyembamba ziitwazo tortilla. Tangu Jumapili hiyo Babu aliniita mijo, yaani mwanangu, nami nikawa na sahani yangu.

Novemba mwaka huo mambo yalibadilika mtaani. Wapiga kura wa California, asilimia 59 kwa jumla, waliunga mkono pendekezo nambari 187 lililokusudia kuwanyima wahamiaji wasio na vibali elimu katika shule za umma na matibabu yasiyo ya dharura. Mahakama ilizuia sehemu kubwa ya sheria hiyo isitekelezwe, lakini hofu haikungoja mahakama. Mke wa mmoja wa wapwa wake hakuwa na karatasi, akaanza kuogopa kumpeleka mtoto shuleni. Babu mwenyewe hakuwa na la kuogopa, kwani kibali chake kilikuwa cha miaka 31. Hata hivyo kila asubuhi alivaa kofia yake safi, akamshika mtoto yule mkono, akamfikisha hadi mlangoni mwa darasa. Alifanya hivyo hadi shule zilipofungwa mwezi wa Juni. Kisha akatangaza kuwa ataomba uraia ili naye apige kura. Sheria ya huko humruhusu mtu aliyepita miaka 50, na aliyekaa na kibali cha kudumu kwa miaka 20, kufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake. Wajukuu niliowafunza hesabu walimfunza majina ya marais. Aliapishwa mwaka wa 1996, wiki chache kabla sijarudi Kenya.

Kufikia hapa bila shaka umeona mtu wa kuigwa. Nami ndivyo nilivyomwona, hadi nilipozungumza na mwanawe wa kwanza.

Kijana huyo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 35, alikuwa makanika mwenye karakana yake mtaa wa pili. Alimheshimu baba yake, alifika kila Jumapili na kubusu mkono wake. Lakini nilitambua kuwa hakukaa. Alikula, akaaga. Siku moja akinitengenezea baiskeli nilimsifia babaye, nikasema alikuwa na bahati kuwa na mzazi kama yule. Aliendelea kukaza nati. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau hadi leo: "Baba alilisha kijiji kizima. Nami nilikuwa mmoja wa wanakijiji."

Alizaliwa mwaka wa 1960, baba yake akiwa katika mashamba ya California. Babu alirudi nyumbani kila Desemba, akakaa majuma matatu au manne, akaondoka. Ukijumlisha miaka 11 ya kwanza ya mtoto huyo, alikaa na baba yake kama miezi kumi tu. Alivaa viatu vilivyotumwa, akalala chini ya paa lililolipiwa, akasoma kwa karo isiyochelewa. Mwaka wa 1971 familia ilipovushwa kwenda Fresno, mtu mmoja mwenye kofia aliwapokea kituoni, akafungua mikono. Mtoto akajificha nyuma ya mama yake, akamwamkia kwa neno señor, yaani bwana. Neno hilo ndilo mtu humwamkia mgeni.

Ndugu zake wadogo waliozaliwa Marekani walimjua baba mwingine. Walipanda mabegani mwake. Bintiye aliyefaulu kwenda chuo kikuu Los Angeles mwaka wa 1984 alikatazwa naye kwa hasira, kwa kuwa msichana hakupaswa kulala nje ya nyumba ya baba yake. Waligombana mwezi mzima, mama akiwa upande wa binti. Mwishowe Babu alimpakia katika pikapu yake, akamwendesha kilomita zipatazo 350 bila kusema neno, akamwachia bahasha ya dola na machozi. Binti huyo ndiye mwalimu niliyemtaja. Aliniambia kuwa ugomvi ule ulimfanya ajue anapendwa. Kaka yake mkubwa hakuwahi kupata hata mtu wa kugombana naye.

Je, Babu alikosea? Swali hili limenisumbua kwa miaka mingi, na kila ninapolijibu najikuta natetea pande zote mbili. Asingeondoka, watoto tisa wangegawana gunia lile lile. Karo haikuchumwa kwa maneno matamu. Na si yeye aliyetunga mpango uliotaka mikono ya mtu na kuwaacha mkewe na mwanawe ng'ambo ya pili. Mikataba ile haikuwa na nafasi ya familia. Lakini mtoto wa miaka sita hajui mikataba. Anajua kuwa wenzake wana baba na yeye ana bahasha.

Ninalomsifia Babu kuliko ukarimu wake wote ni alilolifanya alipolielewa jambo hilo. Aliacha kazi ya mashamba mwaka wa 1999. Bintiye aliniandikia kuwa tangu wiki ya kwanza ya kustaafu, kila asubuhi alitoka na chupa ya kahawa, akaenda karakanani kwa mwanawe mkubwa, akageuza kreti la zabibu chini juu na kulikalia. Hakuomba msamaha, hakutoa wosia. Alikaa tu. Alimpokeza mwanawe spana. Miezi ya kwanza mwana hakujua amfanyie nini mzee yule, ikawa hata wateja wanaona haya. Babu hakuacha kwenda. Alikuwa mtu aliyezoea kazi isiyoonyesha matunda siku ile ile.

Mwaka wa 2009 kisukari kiliharibu figo zake. Alitakiwa kwenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, saa nne kila safari. Watoto wote walijitolea, lakini mwana mkubwa alisema, "Nitampeleka mimi." Alimpeleka kwa miaka miwili. Bintiye ananiambia kuwa siku moja aliwafuata kwa gari lake, akawakuta wameegesha nje ya hospitali, nusu saa baada ya matibabu kwisha, wakizungumza na kucheka. Hakuwakatiza. Aligeuza gari akarudi nyumbani.

Babu alifariki mwaka wa 2011. Hapo ukazuka mjadala ambao sisi Wakenya tunaujua vizuri sana: azikwe wapi? Kijijini Michoacán walikuwa wakimngoja kama shujaa. Yeye na wenzake waliotoka huko walikuwa na chama chao, na kwa miaka mingi walifanya dansi, wakauza chakula na tikiti za bahati nasibu ili kukusanya fedha za kijiji, jambo ambalo mimi nililiita harambee siku ya kwanza nilipoliona. Mwaka wa 2002 serikali kuu ya Mexico ilianzisha mpango wa taifa ambapo kwa kila dola iliyochangwa na vyama kama hivyo, serikali kuu, serikali ya jimbo na ile ya mji ziliongeza moja moja. Mpango huo haupo tena, lakini shule ya kijiji na mabomba ya maji yalijengwa wakati huo. Wazee walikuwa wamemtengea mahali pa heshima karibu na kanisa.

Lakini Babu alikuwa ameacha maneno kwa mwanawe mkubwa, mle ndani ya gari. Alitaka azikwe Fresno. Sababu yake ilikuwa fupi: "Kule nimekwisha kuwapa vya kutosha. Hapa ndipo watakaponitembelea." Mwanawe ndiye aliyeyatangaza maneno hayo mbele ya jamaa, na hakuna aliyempinga.

Sasa nirudi kwako, msomaji. Mwaka wa 2024 Wamexico walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 64, nao Wakenya walio nje, kwa takwimu za Benki Kuu yetu, walituma karibu dola bilioni 4.9. Nyuma ya kila dola kuna Babu fulani, au Mama fulani anayelea watoto wa watu kule Ghuba huku wake wakilelewa na nyanya yao. Nao si wa ng'ambo pekee. Hapa Nairobi wako akina baba ambao familia zao ziko Kitui, Busia au Nyeri, na wao huonekana Desemba. Wako pia wanaolala nyumba moja na watoto wao lakini hutoka kabla hawajaamka na kurudi wakiwa wamelala. Siku hizi fedha husafiri kwa simu kwa dakika moja. Ni rahisi mtu kudhani kuwa amefika pia.

Mimi sikuambii uache kazi. Watoto hawali mapenzi. Nakuambia tu kwamba kuleta na kuwepo ni malipo mawili, na moja haliwezi kulipia lingine. Ikiwa uko mbali, piga simu siku ambayo hutumi chochote, uulize habari za rafiki wa mtoto, za mwalimu anayemwogopa, za mbuzi aliyezaa. Mwache akujue kwa sauti kabla hajakujua kwa risiti. Ikiwa uko karibu, tafuta kreti lako, ulikalie, hata kama mwanao amekwisha kuwa mtu mzima na hajui akuambie nini.

Nawe mwanafunzi unayesoma gazeti hili, huenda mikono ya baba yako ina sugu na huoni fahari kumtambulisha kwa wenzako. Huenda pia ndani ya moyo wako unamlaumu kwa kutokuwepo. Yote mawili yaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Mpigie simu leo Jumapili kabla hajalala. Usimwombe pesa. Muulize alianza kazi akiwa na umri gani, na siku ya kwanza ilikuwaje.